Kumwaga Oili ya Shokapu: Vitenzi, Vipimo na Lugha ya Gereji katika Uundaji wa Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi



Mada ya mhadhara huu ni lugha itumiwayo na mafundi wa pikipiki wanapobadilisha oili ya shokapu za mbele. Kazi yenyewe ni ndogo. Fundi aliyeizoea huimaliza kabla ya adhuhuri, na zana zake ni spana chache, chombo cha kumwagia na chombo cha kupimia. Hata hivyo, ndani ya kazi hiyo ndogo mna karibu kila suala ambalo limewashughulisha wataalamu wa istilahi za Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne: ukopaji, utohoaji, upanuzi wa maana, uundaji wa maneno mapya, na swali gumu zaidi la nani mwenye haki ya kulipa jambo jina lake.

Umuhimu wa mada hii si wa kinadharia tu. Neno bodaboda lilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, wakati waendesha baiskeli walipobeba abiria kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine. Leo neno hilo hutaja pikipiki za abiria Afrika Mashariki nzima, na nchini Tanzania biashara hiyo iliwekewa kanuni zake za leseni mwaka 2010. Pikipiki hizo hubeba wanafunzi, wagonjwa, mizigo ya sokoni na waombolezaji. Zinatunzwa na mafundi wanaozungumza Kiswahili, na kwa sehemu kubwa zinakuja na vitabu vya mwongozo visivyoandikwa kwa Kiswahili. Maarifa ya kuzitunza hupita mdomoni, kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi wake. Mahali ambapo lugha hiyo ya mdomo ni sahihi, breki hushika. Mahali ambapo ina mwanya, abiria ndiye anayelipa.

Mhadhara una sehemu sita. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inaeleza kwa ufupi kazi ya shokapu na oili yake. Sehemu ya tatu inachunguza nomino za gereji, na ya nne vitenzi vyake. Sehemu ya tano inazungumzia vipimo, ambako ndiko kwenye udhaifu halisi. Sehemu ya sita ni hitimisho.

2.0 Shokapu na Kazi ya Oili

Pikipiki nyingi huwa na shokapu mbili za mbele, moja kila upande wa gurudumu. Kila shokapu ina bomba la ndani linaloteleza ndani ya bomba la nje. Ndani yake mna springi ndefu, fimbo yenye matundu madogo, na oili. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilianza kuuza pikipiki zenye shokapu za namna hii, zinazotulizwa kwa oili, mwaka 1935, na umbo lake la msingi halijabadilika sana katika pikipiki za kawaida zinazoonekana barabarani leo.

Gurudumu likipanda tuta, bomba huteleza kwenda juu na springi hubanwa. Springi iliyobanwa haikubali kukaa hivyo, hutaka kurudi. Kama ingeachwa peke yake, ingerudi kwa nguvu, ikapita kiasi, ikabanwa tena, na pikipiki ingeendelea kurukaruka muda mrefu baada ya tuta kupitwa. Hapo ndipo oili inapoingia kazini. Bomba linapoteleza, oili hulazimika kupenya katika matundu madogo ya ile fimbo. Upenyaji huo ni mgumu, na ugumu huo hula nguvu ya mwendo na kuigeuza kuwa joto. Springi hubeba tuta. Oili huituliza springi.

Oili hiyo huchoka. Vumbi la chuma kutokana na msuguano huchanganyika nayo, maji hupenya, na mnato wake hubadilika. Oili iliyokuwa safi hutoka ikiwa nyeusi au ya kijivu, mara nyingi ikiwa na harufu mbaya. Aidha, sili ya juu ya bomba la nje, yaani mpira unaozuia oili isitoke, huchanika au kukakamaa. Oili ikianza kuvuja huteremka kwenye bomba hadi kwenye gurudumu, na yaweza kufika kwenye breki. Hapa wahenga wanasikika vizuri: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sili ni kitu kidogo cha bei ndogo. Breki ya mbele iliyolowa oili ni ajali inayosubiri mteremko.

3.0 Nomino za Gereji: Mali Iliyokopwa

Anayesikiliza mazungumzo ya gereji kwa mara ya kwanza hupata hisia kwamba Kiswahili kimeshindwa. Shokapu, springi, sili, bolti, nati, wosha, spana, beringi, bushi, gia, klachi, plagi, kabureta: orodha nzima ni ya mkopo. Baadhi ya wapenzi wa lugha huhuzunika na kudai kwamba lugha ya gereji ni kichanganyiko kisichostahili kuingia darasani. Hoja hiyo inahitaji kutazamwa kwa utulivu.

Kwanza, ukopaji wa nomino za vyombo ni wa kale katika Kiswahili kuliko injini. Usukani, ambao leo ni wa gari na wa pikipiki, ulikuwa wa jahazi, na neno lenyewe limetoka Kiarabu. Msumari vilevile ni wa Kiarabu. Bomba, roda na parafujo yametoka Kireno. Gari limetoka katika lugha za Kihindi. Kila chombo kilipoteremshwa pwani, jina lake liliteremshwa pamoja nacho. Hakuna mzungumzaji wa leo anayeona haya kusema usukani. Muda umepita, na mkopo umekuwa mali.

Pili, mkopo huo haukai katika lugha kama mgeni anayesubiri sebuleni. Mfano ulio mashuhuri miongoni mwa wanaisimu umo katika pikipiki yenyewe. Ili kutoa shokapu, fundi hulazimika kwanza kutoa madigadi. Neno hilo lilikopwa zima kutoka Kiingereza, lakini silabi yake ya kwanza ilifanana na kiambishi cha wingi cha ngeli ya ji-/ma-. Wazungumzaji waliichukua kuwa wingi, wakaunda umoja ambao haukuwako katika lugha chanzi: digadi moja, madigadi mawili. Hakuna kamati iliyokaa kuamua jambo hilo. Sarufi ya Kiswahili, iliyomo vichwani mwa watu, ilifanya kazi yake bila kuagizwa.

Neno shokapu nalo lina historia ya kuvutia. Kiingereza kina maneno mawili marefu, na gereji za Afrika Mashariki zimeyatendea kwa njia mbili. Baadhi ya mafundi waliyameza yote na kuyapa vokali hadi yakawa shokomzoba. Wengine waliyakata na kubakiza shokapu. Maumbo yote mawili yapo, na yote yamefuata mwelekeo wa silabi za Kiswahili wa kuishia na vokali. Shokapu limeelekea kushinda kwa sababu ambayo kila mtunga istilahi angepaswa kuiweka akilini: neno linalotamkwa mara nyingi kwa siku, mdomoni mwa mtu aliyeshika spana, halina budi kuwa fupi.

Tatu, mkopo wakati mwingine hufanya kazi ambayo neno la asili lisingeifanya. Tazama jozi ya mafuta na oili. Neno mafuta katika Kiswahili ni pana mno: kuna mafuta ya kula, ya kujipaka, ya taa, na yale ya kuendeshea chombo. Gereji haiwezi kufanya kazi kwa upana huo. Mteja akisema pikipiki haina mafuta, fundi huelewa petroli. Akisema haina oili, fundi huelewa kilainishi, na hushtuka. Neno oili halikuja kuling'oa neno mafuta. Limekuja kugawana nalo kazi. Tena limezaa. Oili chafu, ile iliyokwisha kutumika, imekuwa bidhaa yenye jina na matumizi yake. Watu huipaka nguzo na mbao ili kuzuia mchwa.

Nne, na hapa pana onyo kwa watunga istilahi. Mtu angeweza kuliondoa neno shokapu na kuweka tafsiri ya neno kwa neno, tuseme kifyonzamshtuko. Umbo hilo ni la Kiswahili safi na linapendeza machoni. Tatizo lake ni kwamba linafundisha fizikia isiyo sahihi. Kama ilivyoelezwa katika sehemu ya pili, kinachoupokea mshtuko wa tuta ni springi. Kazi ya oili na matundu yake ni kuituliza springi baada ya tuta. Jina la Kiingereza lenyewe lina kasoro, na tafsiri aminifu ingeihamishia kasoro hiyo katika Kiswahili, ikaifanya ionekane kuwa maelezo. Neno shokapu halielezi lolote, kwa hiyo halidanganyi. Mwanafunzi akitaka kujua shokapu hufanya nini, itabidi aifungue.

4.0 Vitenzi vya Gereji: Mali ya Nyumbani

Orodha ya nomino za kigeni imewafanya wengi wasione upande wa pili. Sentensi ya gereji haikamiliki kwa nomino. Fundi anaposema, "Legeza kibano cha juu, ndipo ufungue kifuniko, uchomoe springi, umwage oili," vitenzi vyote vinne ni vya Kiswahili. Ni nadra kuvikuta vitenzi vya msingi vya kazi hii vikiwa vya mkopo. Vipuri huja kwa meli. Matendo ya mikono yalikuwapo.

Tena vitenzi hivyo vimejipanga kwa mfumo ambao lugha nyingi zingeuonea wivu. Kiswahili, kama lugha nyingine nyingi za Kibantu, kina kauli ya kutendua, yaani mnyambuliko unaobadili tendo kuwa kinyume chake: funga na fungua, chomeka na chomoa, ziba na zibua, kunja na kunjua, pachika na pachua, panga na pangua. Kazi ya ufundi wa mitambo, kwa asili yake, ni kutendua na kisha kutenda: kupangua na kupanga upya. Mwanagenzi aliyekariri hatua za kufungua shokapu amekwisha kukariri hatua za kuifunga. Anachotakiwa ni kuzirudi kutoka mwisho na kuondoa mofimu ya kutendua. Ni mara chache sarufi ya lugha hulingana hivyo na mpango wa kazi.

Jozi moja haifuati mfumo huo, nayo inastahili kutajwa. Kinyume cha kaza katika gereji ni legeza, ambacho ni kitenzi kingine kabisa. Tofauti kati ya legeza na fungua ni tofauti ya usalama. Kulegeza ni kuondoa nguvu huku kitu kikiwa bado mahali pake. Kufungua ni kukiachia. Kifuniko cha juu cha shokapu kimekandamiza springi. Fundi makini hulegeza kwanza kibano kilichoshika bomba karibu na kifuniko, kisha huanza kukilegeza kifuniko chenyewe wakati shokapu ingali imeshikwa na kibano cha chini. Baadaye, akiwa amekikandamiza kwa kiganja, ndipo anapokifungua. Anayefungua pale alipoambiwa alegeze anaweza kurukiwa na kifuniko usoni.

Sarufi ya onyo nayo ni tajiri. Mafundi hawasemi tu "kabla ya kufungua". Husema, "Usifungue vifuniko kabla hujainua tairi la mbele." Umbo la kabla likifuatwa na kitenzi chenye hali ya -ja- hubeba maana ambayo nomino-kitenzi haiibebi. "Kabla ya kuinua" hutaja mpangilio wa matukio mawili. "Kabla hujainua" humtazama mtendaji na kumhesabu kuwa na deni: kuna tendo linalotarajiwa kwake na bado hajalitimiza. Katika kazi hii deni hilo ni zito. Uzito wa mbele wa pikipiki umekaa juu ya springi, na springi imezuiwa na vifuniko. Vifuniko vyote viwili vikitoka huku gurudumu likiwa chini, pikipiki huanguka juu ya mabomba yake na juu ya vidole vya aliyekuwapo.

Vilevile kiunganishi ndipo hufunga hatua mbili kwa nguvu kuliko halafu. "Legeza kibano halafu ufungue kifuniko" ni orodha. "Legeza kibano, ndipo ufungue kifuniko" ni sharti: tendo la pili halina ruhusa hadi la kwanza litimie. Vitabu vingi vya mwongozo vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili hutumia kisha na halafu kwa kila hatua, kana kwamba hatua zote zina uzito mmoja. Fundi asiyewahi kusoma vitabu hivyo hutofautisha kwa usahihi zaidi kuliko mfasiri wake.

Upande wa utambuzi wa maradhi una mvuto wake pia. Chombo katika gereji ni kiumbe. Injini hula oili, hukohoa na kuchoka. Shokapu hulia, hutokwa na machozi ya oili, na mwisho hufa. Sitiari hizi si mapambo. Ni njia ya kupanga dalili. Shokapu inayolia bado ina tiba. Iliyokufa inasubiri kubadilishwa. Mteja akija na kusema, "Fundi, ya kushoto inalia," amekwisha kutoa nusu ya uchunguzi.

Kauli ya kutendeka, kwa upande wake, ina siasa zake. Fundi akivunja bolti wakati wa kukaza, humwambia mteja, "Bosi, hii bolti imekatika." Hasemi imekatwa, achilia mbali nimeikata. Kauli ya kutendwa ingeomba mtenda atajwe. Kauli ya kutendeka humruhusu mtenda akae nje ya sentensi, na lawama iende kwa chuma. Mteja aliyezoea gereji huelewa, naye hujibu kwa swali lenye mtenda ndani yake: "Imekatika, au umeikata?" Katika maneno hayo matatu mna somo zima la mofosintaksia, pamoja na bei ya bolti.

Mwisho, jina la kazi yenyewe. Katika gereji nyingi za Tanzania, kubadilisha oili huitwa kumwaga oili. Hatua moja imepewa jina la kazi nzima, sehemu ikawakilisha zima. Kwa injini jina hili linatosha, maana oili hutolewa chini na mpya hutiwa juu. Kwa shokapu, jina hilo linaweza kumpotosha mwanagenzi. Baadhi ya shokapu zina skrubu ndogo ya kumwagia chini yake; nyingine hazina, na ni lazima zitolewe zima, zipinduliwe, na bomba livutwe na kusukumwa mara nyingi hadi oili yote iliyojificha nyuma ya fimbo itoke. Hata penye skrubu, aliyemwaga bila kupampu hubakiza masalia ya oili chafu ndani. Kisha kilichobaki ni kikubwa kuliko kilichomwagwa, nacho ni kupima. Hapo ndipo lugha ya gereji inapoyumba.

5.0 Vipimo: Mwanya Halisi

Ingekuwa si haki kuisifu lugha ya gereji bila kutaja udhaifu wake. Fundi akimwagiza mwanagenzi atie oili, agizo huwa mara nyingi: "Tia kiasi." Pengine hutajwa kizibo, kikombe, au sehemu ya chupa. Neno kiasi ni neno zuri la Kiswahili. Lina hekima ya kutopita mipaka. Ila halina namba.

Kwa shokapu, namba ndiyo kazi. Kitabu cha mwongozo cha kila aina ya pikipiki hutaja ujazo wa oili kwa mililita, au kimo cha oili kwa milimita. Kimo hupimwa bomba likiwa limesukumwa hadi chini na springi ikiwa imetolewa, kutoka ukingo wa juu wa bomba hadi uso wa oili. Nafasi hiyo ya juu ina hewa, na hewa iliyofungiwa nayo ni springi. Oili ikizidi, nafasi ya hewa hupungua, shokapu hukakamaa inapokaribia mwisho wa mwendo wake, na shinikizo huweza kuisukuma sili nje. Oili ikipungua, shokapu hugonga chini, na oili iliyochanganyika na hewa hutoa povu na kushindwa kutuliza. Zaidi ya yote, shokapu mbili zinapaswa kulingana. Tofauti iliyotokana na kiasi cha mkono wa kulia na kiasi cha mkono wa kushoto haionekani kwa macho, lakini gurudumu huihisi.

Kuna tatizo la pili, nalo linahusu namba zenyewe. Oili za shokapu huuzwa kwa alama za mnato kama 5W, 10W na 15W. Mnunuzi hudhani kwamba 10W ya kiwanda kimoja ni sawa na 10W ya kingine. Sivyo. Oili mbili zenye alama hiyo moja zinaweza kutofautiana mnato kwa kiasi cha kutosha kuhisiwa na mpanda pikipiki. Kipimo cha kuaminika zaidi ni mnato wenyewe kwa sentistoki katika nyuzi 40 za Selsiasi, ambao hutajwa katika karatasi za maelezo ya bidhaa. Mwanaisimu hana sababu ya kushangaa: hapa pana istilahi iliyosanifiwa kwa umbo lakini haikusanifiwa kwa maana. Watu wote wanatamka namba moja, na kila mmoja ana kitu chake ndani ya chupa.

Jambo hili linagusa historia ya usanifishaji wa Kiswahili chenyewe. Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930, Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Mwaka 1987 Rajmund Ohly alitoa kamusi ya istilahi za msingi za ufundi, na mwaka 1990 ikafuata kamusi ya Taasisi ya biolojia, fizikia na kemia. Mwaka 2009 Taasisi hiyo iliunganishwa na idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikawa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Hiyo ni kazi kubwa, na yeyote anayeibeza hajawahi kujaribu kuandika hata ukurasa mmoja wa kamusi. Hata hivyo, nguvu nyingi ya istilahi imeelekezwa kwenye nomino: kitu hiki kiitweje? Gereji inaonyesha kwamba swali hilo, kwa sehemu kubwa, limekwisha kujibiwa na watumiaji. Swali ambalo halijajibiwa ni jingine: ni kiasi gani, kwa kipimo kipi, na kwa sharti lipi?

Yawezekana mtu akapinga kwamba majina ya gereji hayana uthabiti. Shokapu ni ya mbele na ya nyuma, ingawa maumbo yake ni tofauti. Sili ni ile ya oili na ile ya vumbi iliyo juu yake. Fundi wa Mombasa na fundi wa Mbeya wanaweza kutofautiana, na fundi wa Lubumbashi huchota mikopo yake kutoka Kifaransa. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini dawa yake imo ndani ya lugha. Mafundi wenyewe huongeza kihusishi pale utata unapoleta hasara: shokapu ya mbele, sili ya vumbi, sili ya oili. Mtaalamu wa istilahi anachotakiwa kufanya ni kurekodi viongezi hivyo, kuvilinganisha kutoka mji hadi mji, na kupendekeza vile vilivyokwisha kuthibitika kazini. Kazi hiyo haifanyiki ofisini. Hufanyika kwa kukaa juu ya tairi kuukuu, na daftari, wakati shokapu inafunguliwa.

Ili hoja hii isibaki hewani, yafaa kuonyesha maandishi yanayoweza kupatikana kwa njia hiyo. Aya ifuatayo imetumia nomino za gereji, vitenzi vya gereji na masharti ya gereji, na imeongeza kitu kimoja tu ambacho gereji haina, yaani kipimo:

"Simamisha pikipiki imara na uinue tairi la mbele hadi liache ardhi. Usiguse vifuniko vya shokapu kabla hujainua. Legeza kibano cha juu, ndipo ulegeze kifuniko, usikifungue bado. Toa tairi, breki na madigadi. Legeza kibano cha chini, uchomoe shokapu. Kandamiza kifuniko kwa kiganja, ndipo ukifungue. Chomoa springi, ukikumbuka upande uliokuwa juu. Pindua, mwaga, na upampu hadi lisitoke hata tone. Tia oili mpya kwa mililita zilizotajwa na mtengenezaji. Pampu polepole ili hewa itoke. Sukuma bomba hadi chini, pima kimo cha oili kwa rula, na ulinganishe shokapu zote mbili. Chomeka springi, funga, kaza. Kabla hujaiendesha, shika breki ya mbele na usukume pikipiki mara kadhaa. Oili chafu usiimwage ardhini."

Aya hiyo haihitaji faharasa. Mwanagenzi wa mwezi mmoja ataisoma bila msaada, na fundi wa miaka ishirini hatacheka. Vipimo viwili vya istilahi bora ni hivyo: anayejifunza aelewe, na anayejua asicheke.

6.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, nomino za mkopo katika gereji si dalili ya kushindwa kwa Kiswahili. Ni mwendelezo wa desturi iliyoanza na jahazi. Pili, nguvu ya Kiswahili cha ufundi imo katika vitenzi: katika kauli ya kutendua inayolingana na kazi ya kufungua na kufunga, katika tofauti ya kulegeza na kufungua, na katika masharti yanayobebwa na ndipo na kabla hujafanya. Tatu, upungufu uliopo ni wa vipimo, nao hauwezi kuzibwa kwa kubuni majina mapya.

Mapendekezo yanafuata kutokana na hayo. Watunga istilahi za ufundi waanze na sentensi nzima kabla ya neno. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada za tasnifu waende gereji, na wabaki huko muda wa kutosha kuchafua daftari. Miongozo ya vyombo vinavyouzwa Afrika Mashariki iandikwe kwa Kiswahili kinachotumiwa na wanaovitengeneza, ikiwa na vipimo kamili. Vyuo vinavyofundisha ufundi viruhusu ujuzi upimwe kwa lugha ambayo ujuzi huo ulipatikana. Kijana anayeweza kupangua shokapu na kuipanga upya bila kosa, kisha akashindwa mtihani kwa sababu maswali yameulizwa kwa Kiingereza, hajashindwa ufundi. Kipimo ndicho kilichokosewa.

Fundi hodari akimaliza kazi hii hufanya jambo moja la mwisho. Hushika breki ya mbele, huusukuma usukani chini kwa uzito wake wote, kisha huuachia na kutazama. Shokapu ikipanda mara moja na kutulia, hukabidhi funguo. Ikirukaruka, hufungua upya. Istilahi nayo yapaswa kujaribiwa hivyo kabla haijakabidhiwa kwa umma.